UZI: Mikutano ya wanaoacha pombe huku vijijini Dodoma, unaipata wapi, na ukiikosa unafanyaje

#1 MkulimaWaChamwino

Mbukwenyi wakuu.

Watu watatu wamenifuata kwa ujumbe binafsi wakiuliza jambo lile lile. Mmoja yuko Haneti, mwingine Bahi, wa tatu hakutaja alipo. Wote wanataka kujua mikutano ya watu wanaoacha pombe, ile ya AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha), inapatikana wapi huku kwetu. Nimeona nijibu hapa mara moja, maana najua wako wengine wanaosoma kimya kimya saa nane za usiku, wameamka na kiu na mikono inatetemeka. Nilikuwa mmoja wao.

Mimi ni mkulima wa mtama na alizeti, wilaya ya Chamwino. Ujimbi, pombe yetu ya kienyeji, niliuanza nikiwa mtoto wa kuchunga. Kwetu shamba la kualikana hulimwa asubuhi, jioni watu wanalipwa kwa kibuyu, na mtoto aliyeleta maji naye anapewa kata yake. Hakuna aliyeona ubaya. Nilipofika miaka ishirini na kitu nikahamia gongo. Mwishoni nilikuwa siwezi kufunga kifungo cha shati kabla ya kuzimua. Leo nina miaka 4 na miezi 7 sijaonja.

Mkutano wa kwanza niliukuta Dar es Salaam, nilipokwenda kukaa kwa mdogo wangu baada ya mke wangu kurudi kwao. Chumba kidogo, viti vya plastiki, chai kwenye chupa. Hakuna aliyeniuliza kabila, dini wala kazi. Kiingilio hakuna. Mwishoni kofia inapita, mwenye chochote anaweka, asiye nacho anaipitisha kwa mwenzake na hakuna anayemtazama. Mtu anataja jina moja, anasema mimi ni mlevi, anaeleza wiki yake ilivyokwenda. Wengine wanasikiliza bila kumkatiza na bila kumpa ushauri. Baada ya saa moja wanatawanyika. Nililia siku ile, na sioni haya kulisema.

Nikarudi kijijini nikiwa na siku 41 bila kunywa. Siku ya 60 nilikuwa kilabuni.

Nimeifikiria sana ile siku ya 60. Sikuwa na ugomvi na mtu, mavuno yalikuwa mazuri, mke alikuwa ameanza kupokea simu zangu. Nilichokosa ni mtu mmoja tu wa kumwambia "leo nina hali mbaya" naye akaelewa bila kunihubiria. Dar nilikuwa nao kumi na wawili. Kijijini sikuwa na hata mmoja.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale watatu ni hili: ukiwa kijijini, usianze kwa kutafuta mkutano. Tafuta mtu wa pili.

Wala si jambo nililolitunga mimi. AA yenyewe ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1935 kulikuwa na Mmarekani aitwaye Bill Wilson, mtu wa biashara za hisa kutoka New York, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Akasafiri kikazi mpaka mji wa Akron, jimbo la Ohio, na kazi ikaharibika. Akabaki hotelini peke yake, hana fedha, upande mmoja wa ukumbi kuna baa na watu wanacheka. Badala ya kuingia baa akashika simu, akaanza kupigia viongozi wa makanisa wa mji ule akiuliza kama wanamjua mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Hakuwa anatafuta mtu wa kumsaidia yeye. Alitaka mlevi wa kuongea naye ili asinywe siku ile. Ndivyo alivyokutanishwa na Dokta Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa ameshindwa kuacha miaka na miaka. Tarehe 10 Juni 1935, siku Dokta Bob alipokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo wanayoihesabu kuwa mwanzo wa AA. Walikuwa wawili. Na mpaka leo desturi yao inasema walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha, hicho ni kikundi tayari, na sharti la kuingia ni moja, kutaka kuacha kunywa. Soma sharti hilo vizuri: halisemi uwe umeshaacha.

Mtu wangu wa pili alikuwa mzee mmoja wa kitongoji cha jirani. Kila mtu alijua alikuwa mnywaji mkubwa na kwamba aliacha. Nilikwenda kwake nikasema, "Babu, wewe uliwezaje?" Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema tangu aache hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile. Watu walimpongeza, wakamwita mfano wa kuigwa, wakamtia kwenye kamati ya shule, ila hakuna aliyemuuliza. Tukakaa chini ya mkwaju wake mpaka giza. Huo ndio ulikuwa mkutano wetu wa kwanza.

Sasa tuko saba. Jumatano saa kumi jioni. Nitaeleza tulivyofika hapo, na makosa tuliyofanya, ngoja kwanza nisikie wenzangu.

#2 NesiWaZahanati

Kaka, asante kwa uzi huu. Kabla hujaendelea naomba niseme la kitabibu, maana hapa ndipo watu wanapoteza ndugu zao.

Mtu anayekunywa kila siku, hasa anayelazimika kuzimua asubuhi, asiamke siku moja akaacha ghafla akajifungia ndani. Arosto ya pombe inaweza kuua. Inaanza saa sita mpaka siku moja baada ya glasi ya mwisho: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika, kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege hata kama hajawahi kuwa na kifafa. Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne wengine wanachanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani, wanazungumza na watu ambao hawapo, homa inapanda. Hapo familia inasema amelogwa, wanampeleka kwa mganga, na muda wa kumwokoa unapita.

Mleteni zahanati au kituo cha afya mapema, kabla ya kuacha. Dawa ipo, ni diazepamu, inatolewa kwa kipimo na kupunguzwa siku hadi siku, haifai kununua dukani ukampa mwenyewe. Anahitaji pia vitamini B1, na mtoa huduma atakumbuka kumpa hiyo kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu ubongo wa mnywaji wa muda mrefu unaweza kudhurika glukosi ikitangulia. Hali ikiwa nzito tunatoa rufaa, na kwa mkoa wetu Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ni jirani. Najua jina la Mirembe linavyosemwa mitaani. Nawaomba, msiache mtu afe nyumbani kwa kuogopa jina la hospitali.

Kwa anayejiuliza kama amefika pabaya, kuna maswali manne tunayoyatumia. Umewahi kuona inabidi upunguze? Watu wakikusema juu ya pombe unakasirika? Unajisikia vibaya moyoni kwa unywaji wako? Unakunywa asubuhi ili mwili utulie? Ukijibu ndiyo kwa mawili, njoo tuzungumze. Hatutakuandikia popote.

#3 Mteule_77

Mkuu, bila kukuvunja moyo, haya mambo ya AA ni ya Wazungu. Sisi tuna makanisa kila kijiji. Mtu aokoke, pombe itaondoka. Baba yangu aliokoka kwenye mkutano wa injili Mvumi, akamwaga gongo siku hiyo hiyo na hajarudi.

#4 MkulimaWaChamwino

Ndugu Mteule, namshukuru Mungu kwa ajili ya baba yako, na nasema hivyo kwa moyo wote. Babu yule wa mkwaju naye aliacha kwa wokovu. Katika saba wetu wanne ni waumini wa kanisa, mmoja ni Mwislamu.

Ila niseme nilichokiona. Kanisani mtu anasimama kushuhudia akishashinda. Ndivyo ushuhuda ulivyo, unahitaji mwisho mzuri. Mimi niliokoka mara mbili, na kila nilipoanguka sikurudi kanisani kwa miezi, kwa sababu nilikuwa nimeshashuhudia mbele ya watu wote. Ningesema nini? Kwenye mkutano wetu mtu anaweza kuja Jumatano akasema "juzi nilikunywa" na kiti chake kipo pale pale. Vyote viwili vinahitajika, sivishindanishi.

Na kuhusu kwamba ni ya Wazungu: mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti 27 zenye watu 10,565, wakalinganisha AA na tiba nyingine zinazofahamika. Katika kumfanya mtu aache kabisa na abaki ameacha, AA na programu zinazomwelekeza mtu huko zilikuwa sawa au bora zaidi. Na Zanzibar wamezitumia zile hatua 12 za AA kwenye nyumba za upataji nafuu, kwa vijana Waislamu. Kukaa watu chini ya mti wakaambiana ukweli si jambo tulilolipokea kwa Mzungu.

#5 BodaKibaigwa

Mkuu endelea. Mimi niko Kibaigwa, hapa sokoni kwenye mahindi, na nasoma kila neno. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 nilidhani ndiyo salama yangu. Nilikaa wiki moja. Nikahamia chupa ndogo. Sasa hivi nachota kwenye hesabu ya bosi ninywe kwanza, halafu ndiyo nafikiria watoto.

Swali langu: mtu wa pili nampata wapi wakati wote ninaowajua ni wale ninaokunywa nao?

#6 MkulimaWaChamwino

Boda, mdogo wangu, mtu wako wa pili anaweza kuwa humo humo kijiweni. Chunguza yule anayeagiza soda siku mbili halafu wa tatu anarudi. Yule anayesema "mwezi huu naacha" wenzake wakamcheka. Usimcheke. Mfuate akiwa peke yake, asubuhi, ukiwa hujanywa. Na usianze na habari zake. Anza na zako: mwambie ya hesabu ya bosi kama ulivyoiandika hapa. Akikucheka, umepoteza dakika kumi. Asipokucheka, umempata.

Mahali pengine pa kuuliza ni zahanati. Mwambie nesi: "Akitokea mtu mwingine anayetaka kuacha, na akikubali, mpe namba yangu." Nesi hatakutajia majina na hapaswi, ila anaweza kupeleka namba. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ni hivyo hivyo, nao wanakutana na familia hizi kila wiki. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaijua kila nyumba.

Sasa nieleze makosa yetu.

Kwanza tulikutana chumba cha nyuma cha kanisa. Yule mwenzetu Mwislamu hakuja, na jamaa mwingine aliyekuwa na ugomvi na mzee wa kanisa naye hakuja. Tukahamia kwenye jengo lililowahi kuwa ofisi ya chama. Wiki ya pili watu wakaja kutuuliza tunapanga nini, maana ilikuwa karibu na uchaguzi. Nikaona tunajitia kwenye matatizo yasiyo yetu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji nikamwambia wazi: sisi ni watu tunaosaidiana kuacha pombe, hatuchangishi fedha, hatuna siasa, hatuandiki majina. Akauliza kama naye anaweza kumleta kaka yake. Nikamwambia aje mwenyewe akitaka, asiletwe.

Mwisho tukapata darasa la shule ya msingi, baada ya watoto kuondoka. Madawati ni mafupi, magoti yanagonga, lakini hapana upande wa mtu yeyote pale.

Saa nayo tuliichagua kwa makusudi. Saa kumi jioni ndiyo saa kilabu kinapoanza kuchangamka, ndiyo saa miguu inajua njia yenyewe. Tungeweka asubuhi tungekuwa tunakutana wakati hakuna anayehitaji. Wengine wanakuja na jembe begani kama wanaotoka shamba. Mwanzoni nilidhani wanaona haya. Baadaye nikaelewa ni heshima yao kwa wake zao, ambao hawajawa tayari kuulizwa bombani.

Na sasa lile kubwa, la siri.

Mwaka wa kwanza mwenzetu mmoja alisema kwenye mkutano kwamba aliuza mbuzi watatu wa mahari ya mwanawe akanywea. Alilisema kwa shida, akitazama sakafu. Siku mbili baadaye mkewe alisikia habari hiyo kwenye foleni ya maji. Mmoja wetu alikuwa amemwambia mkewe tu, usiku, wakiwa wamelala, "usimwambie mtu". Yule bwana hakurudi kwa miezi minne. Na kwa miezi ile minne alikunywa kuliko alivyowahi kunywa. Nililibeba jambo lile kama kosa langu, kwa sababu ni mimi niliyemwalika.

Mjini wanasema kutojulikana. Kwamba hakuna ajuaye jina lako la pili wala unakokaa. Kijijini hilo halipo. Nani hanijui mimi? Watoto walikuwa wakiniimbia nikipita. Kwa hiyo tulilazimika kujiuliza upya siri yetu ni nini hasa. Tukaona kwamba ulevi wetu si siri, hata kwamba tunakutana si siri tena. Kinacholindwa ni maneno yaliyosemwa mle ndani. Tukakubaliana: neno likisikika nje, aliyelitoa atasimama Jumatano inayofuata aseme "ni mimi". Hafukuzwi. Anasema mbele ya mwenye neno, basi. Imetokea mara moja tu tangu wakati ule. Na yule bwana wa mbuzi alirudi, siku aliyesambaza alipokwenda mwenyewe kwake kumwomba radhi. Wameketi dawati moja tangu siku hiyo.

#7 MkeWaMpwapwa

Kaka shikamoo. Mimi sinywi. Anayekunywa ni mume wangu, hapa Mpwapwa. Nikimwambia habari za mikutano ananitukana. Nimelipa madeni yake kilabuni mara nyingi ili asidhalilike. Je, kwangu mimi kuna chochote, au nisubiri mpaka yeye atake?

#8 MkulimaWaChamwino

Marahaba dada yangu. Usisubiri. Mke wa yule Bill Wilson, Lois, naye aliona kwamba wakati waume wako ndani kwenye mkutano, wake wako nje wanangoja, nao wameumia kwa namna yao. Mwaka 1951 ikaundwa Al-Anon, mikutano ya ndugu wa walevi, awe mlevi ameacha au anaendelea. Kanuni ni ile ile: wawili mnatosha. Huyo jirani yako ambaye mume wake naye analala mtaroni, mnaweza kuanza mnapochambua mboga.

Kuhusu madeni, nakusemea kama niliyekuwa mdaiwa. Mke wangu alipolipa, mimi nilisikia "bado nafasi ipo". Siku aliyokataa nilimchukia mwezi mzima. Ndiyo siku iliyonipeleka Dar. Sikuambii ufanye hivyo kesho, kuna wanaume wanapiga. Kama anakupiga, kwanza usalama wako na watoto, nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi.

#9 KijanaWaKondoa

Assalamu alaykum. Niko Kondoa. Kwangu ni tofauti kidogo, kwa sababu kwetu mtu kunywa ni aibu ya ukoo mzima, kwa hiyo nanywa ndani ya gari la rafiki, mbali na mji. Kila Ramadhani naacha. Mwezi mzima, bila shida kubwa. Nimefanya hivyo miaka tisa. Siku ya pili au ya tatu baada ya Idi nimerudi. Kwa hiyo najiambia sina tatizo, naweza kuacha nikitaka. Lakini nimesoma yale maswali manne ya nesi na nimejibu ndiyo matatu.

Kutoka hapa mpaka Dodoma ni kilomita zipatazo 160. Siwezi kusafiri kila wiki kwa ajili ya mkutano, na hapa siwezi kumwambia mtu.

#10 MkulimaWaChamwino

Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Umeandika jambo zito kuliko unavyodhani. Kuacha umeshaweza mara tisa. Kinachokushinda ni Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Ramadhani una nini? Una saa zilizopangwa, unafuturu na watu, mtaa mzima uko upande wako. Mwezi ukiandama vyote vinaondoka kwa siku moja na wewe unabaki ulivyokuwa.

Kwako nashauri simu. AA tangu zamani ina utaratibu wa barua kwa mabaharia na watu wanaoishi mbali kiasi kwamba hakuna kikundi, walikuwa wanaandikiana wakajiona wako mkutanoni. Tangu Korona mwaka 2020 mikutano ya mtandaoni imekuwa mingi, ipo kila saa ya mchana na usiku, wengi wakizungumza Kiingereza. Ukiwa na bando na sikio la Kiingereza, ingia, zima kamera, sikiliza tu. Kama bando ni tatizo, sisi tuna njia yetu: Ijumaa usiku tunaunganisha watu wanne kwenye simu ya kawaida, hata kitochi kinakubali. Nusu saa. Kila mmoja anasema siku yake. Mmoja wetu yuko Itigi, hatujawahi kumwona uso, ila akikohoa tunamjua. Nitumie ujumbe kama utataka kuwa wa tano.

#11 MamaKibuyu

Nimesoma huu uzi tangu jana nikaogopa kuandika. Mimi ndiye ninayepika. Ujimbi na wanzuki. Nimesomesha watoto watatu kwa pombe, mmoja yuko chuo. Sina mume.

Yuko mtu wa kwangu hapa aliniomba mwenyewe nisimuuzie tena. Nikakubali. Akawa anatuma mtoto na galoni, anasema ni ya mgeni. Mtoto wa darasa la tatu. Nilimrudisha mtoto na galoni tupu, baba yake akaja kunitukana mbele ya wateja.

Na kingine ambacho sijakisema kokote. Mpishi lazima aonje. Nilikuwa naonja kijiko, siku hizi naonja kata, na nimeanza kuonja hata siku ambazo sijapika. Je, mtu kama mimi anaweza kuja kukaa na ninyi?

#12 Mteule_77

Mama, samahani, lakini haiwezekani. Uwauzie sumu Jumanne, Jumatano ukae nao uwafariji? Acha biashara kwanza.

#13 MkulimaWaChamwino

Mteule, hapa nakupinga, na nakupinga kwa nguvu.

Sharti ni moja: kutaka kuacha kunywa. Halisemi kuacha kupika, halisemi kuacha kuuza. Tukianza kuongeza masharti leo kwa mama huyu, kesho tutamwongezea anayefanya vibarua kwenye mashamba ya zabibu Hombolo kwamba naye ni wa mvinyo, keshokutwa mkulima wa mtama kwamba mtama wake unakwenda kilabuni. Huo mtama ni wangu. Mimi ninauza mtama na sijui magunia yangu mangapi yameishia kwenye mapipa.

Mama yangu, njoo. Kama kwenu hakuna, tafuta mama mwingine mmoja. Hawa wanawake wapo, wanakunywa jikoni mlango umefungwa, na kwao aibu ni mara mbili ya yetu. Kwetu wako wawili, na wao wameomba wakae peke yao Jumamosi, tumewaachia darasa. Biashara utaitazama ukiwa na kichwa kitulivu, baada ya miezi. Anayekuambia uifunge kesho hajakuambia ada ya chuo italipwa na nani.

Na kwa mtoto uliyemrudisha na galoni tupu, Mungu akubariki.

#14 NesiWaZahanati

Mama, mimi ni mwanamke mwenzako, niandikie ujumbe. Nitakaa na wewe mimi mpaka tumpate wa pili.

Kaka mkulima, hujasema habari ya kiangazi. Wagonjwa wangu wengi wanarudia kati ya Juni na Agosti.

#15 MkulimaWaChamwino

Kweli, na ndiyo inakuja. Wakati wa njaa, kuanzia Desemba mpaka Machi, kwetu ni rahisi zaidi kutokunywa kwa sababu nafaka yenyewe haipo. Ijapokuwa njaa nayo ina mtego wake. Kwenye AA wana maneno manne ya kujikagua: njaa, hasira, upweke, uchovu. Ukiwa na mojawapo, shughulikia hiyo kwanza kabla hujadhani ni kiu ya pombe. Nimegundua mara nyingi kiu yangu ya saa kumi ilikuwa ni kwamba sijala tangu uji wa asubuhi. Sasa natembea na karanga mfukoni.

Mavuno yakishaingia ndiyo mtihani. Ngoma, jando, mahari, kila nyumba ina pipa. Na si pombe ya anasa, ni ya heshima. Mjomba wa mtoto anapewa kata mbele ya watu, akiikataa amemkataa mtoto. Mwaka wa kwanza nilikimbia, nikaenda kukaa mjini mwezi mzima, na dada yangu hajanisamehe kabisa mpaka leo kwamba sikuwepo mwanawe alipotoka jandoni. Mwaka wa pili nilikwenda kwa wazee wiki mbili kabla. Nikawaambia mimi nikinywa kata moja mtanizika. Nikaomba kibuyu changu kitiwe togwa. Walikaa kimya, kisha mkubwa wao akasema kinachohesabiwa ni mkono uliopokea kibuyu. Nikapokea, nikanywa, ngoma ikaendelea.

Angalizo: togwa ya siku hiyo hiyo. Iliyolala inachacha, na ikishachacha ni pombe kama nyingine.

Na msimu huo tunakutana mara mbili kwa wiki. Hakuna anayekwenda kwenye sherehe peke yake, tunakwenda wawili wawili, na tunaondoka kabla jua halijazama.

#16 BodaKibaigwa

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili.

Nilikwenda zahanati kwanza kama dada nesi alivyosema. Nimekaa siku tano natumia dawa, dada yangu akinisimamia. Leo siku ya 11.

Nilimfuata jamaa mmoja mpakiaji wa magunia pale sokoni. Nilimwambia ya hesabu ya bosi. Hakucheka. Jana tumekaa nyuma ya maghala, juu ya magunia matupu. Mimi nilisema kidogo, yeye hakusema kitu, alikuwa anavuta uzi wa gunia tu. Kama dakika kumi na tano hivi. Nikajua nimeshindwa. Wakati anaondoka akageuka akauliza Jumatano ijayo ni saa ngapi.

Sikuwa nimepanga saa. Nimwambie ngapi?

#17 MkulimaWaChamwino

Saa kumi. Lakini wewe mpitie saa tisa na nusu, na pikipiki, kabla hajalipwa ujira wa siku.